Jani Linaloota Bondeni

Shemeji yangu Nazario Ccorimanya alitengeneza televisheni mjini Cusco kwa miaka kumi na minne, na alikuwa fundi kweli. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya mabasi. Watu walimletea zile televisheni za zamani zenye mgongo mrefu kama ng'ombe, naye akizifungua, akipuliza vumbi, akigusa hapa na pale kwa waya wa moto, mpaka picha inarudi. Halafu zikaja zile nyembamba, ambazo zikiharibika mtu hatafuti fundi, anatafuta pa kuzitupa. Nazario akakaa mwaka mzima kibandani akizipangusa televisheni ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Mwishowe alifunga mlango, akamchukua dada yangu Dominga na magodoro yao, wakapanda kurudi kwetu Umapata, nyumbani kwa mama.

Kwetu ni juu. Mahindi hayaoti, mti hauoti. Kuna viazi, majani mafupi, alpaka, kondoo na upepo. Nazario hakujua kulima wala kufuga, na majani ya mlimani hakuyajua kabisa. Wiki ya kwanza Dominga alimtuma akachume mboga ya supu, akarudi amekumbatia upupu kifuani kama mtoto mchanga, akawashwa siku tatu. Kijiji kizima kilipita kumpa pole, na wengine walipita mara mbili.

Anayejua majani ni mama yetu, Eulogia. Mtu akivimbiwa anakuja kwake, anapewa muña, lile jani linalonukia kama mnanaa. Kikohozi kina jani lake, kidonda kina lake, goti la wazee lina lake. Hana kibao mlangoni. Watu humletea walichonacho, jibini au sufu kidogo, na asiye na kitu huchota maji. Lakini mama ana tabia moja inayowaudhi watu. Katika kila wagonjwa watatu, mmoja humrudisha. Humwuliza amelalaje, amekulaje, mkojo wake una rangi gani, halafu anamwambia hili si la majani, nenda zahanati. Kuna waliosema anaringa.

Mimi ni Celedonio, kifungua mimba wake. Nina nyumbu watatu na kazi yangu ni kubebea wageni mizigo. Kiingereza nimekiokota njiani, neno hapa neno pale, na kinanitosha.

Siku moja alifika Yanet, binti wa Cusco anayeongoza wageni kwa niaba ya kampuni moja ya huko. Alikuwa na wageni wanne waliotaka kumwona mganga wa jadi. Nikawapeleka kwa mama. Tulimkuta amemlaza kondoo, anamkata kwato, amevaa fulana ya mpira ya mjukuu wake yenye namba kumi mgongoni. Mgeni mmoja, mama wa makamo, aliuliza ni jani gani linaloponya huzuni. Mama akataka kujua huzuni ilianza lini na nani amefariki. Hakuna aliyefariki. Basi mama akauliza kama amekula. Mgeni mwingine akauliza kuhusu nguvu inayoshuka kutoka kwenye nyota na kuingia kwenye mimea. Mama alisema nyota humwonyesha kama usiku kutakuwa na barafu, zaidi ya hapo hajui, ila kama anasikia kitu kinamzunguka tumboni, basi ni gesi, anywe muña. Yanet akawageuzia kwa Kiingereza kwamba mama anasema nyota na tumbo ni kitu kimoja. Wakaandika.

Hata hivyo nyuso zao zilishuka. Walimtazama kondoo, wakaitazama ile namba kumi, wakampa mama pakiti ya biskuti, wakaenda zao.

Nazario alikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, anaanika soksi. Aliziona zile nyuso. Mtu aliyekaa miaka kumi na minne akiwatazama wateja wakiondoka anajua uso wa mteja ambaye hakupata alichokifuata.

Wiki iliyofuata alishuka mjini, akarudi na kofia ya manyoya ya kasuku, mkufu wa mbegu nyekundu, na joho lenye nakshi ambazo hakuna mtu wa kwetu anayezifuma. Kasuku hajawahi kufika Umapata. Akifika atakufa kwa baridi kabla hajatua. Nazario alijitangazia pia jina jipya, Waman Wayra, maana yake Mwewe wa Upepo. Alipoingia jikoni amevaa vile, mama aliacha kukoroga supu.

"Mkwe wangu," akasema, "huyo ndege alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Ni mavazi tu, mama."

"Nauliza ugonjwa kwa sababu umemvaa kichwani."

Lakini wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na sisi tulipona. Yanet alianza kuleta wageni kila wiki. Nazario aliwakalisha kwenye ngozi za kondoo, akawafukizia moshi, akawapepea kwa manyoya, akawaambia waipumulie ardhi huzuni zao. Dominga alipika. Wanawake wa kijiji waliuza soksi. Nyumbu wangu walipata tandiko jipya. Siwezi kukaa hapa nikamcheka Nazario kana kwamba mimi nilikuwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wageni njiani kwamba huyo mtu wanayekwenda kumwona haongei sana. Na haongei kweli, kwa sababu hana la kusema.

Shida yake ilikuwa majani. Mama alimfundisha jani moja, kesho yake alikuwa amelisahau. Siku moja walikuja wageni kumi na mmoja kwa mpigo, na mfuko wake ulikuwa umebaki na vumbi. Akazunguka nyuma ya jiko kwenye banda la simbilisi, wale wanyama wadogo kama sungura, akawanyang'anya lusani, majani ya malisho, waliyokuwa wanaitafuna, akaichemsha, akaigawa kwenye vikombe vya udongo, akaiita Jani la Mababu. Mwanamume mmoja alilia kama mtoto. Mwanamke mmoja alimwona bibi yake, akazungumza naye.

Jioni mama aliwakuta simbilisi wanapiga kelele, akauliza chakula chao kimekwenda wapi. Nazario akamweleza yote, maana kwa mama huwezi kuficha.

"Na hao wageni walipata nafuu?" mama akauliza.

"Walipata, mama. Wote."

"Basi walikuwa wazima."

Akamwambia alime lusani yake mwenyewe, asiwaguse tena wanyama wake. Nazario akalima. Ndiyo mara ya kwanza tulimwona ameshika jembe, na lusani ilistawi, lazima niseme.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka walipokuja Bwana Konrad na dada yake. Konrad alikuwa mwenye kiwanda cha magodoro huko kwao, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya upole na vitabu sita mkobani vyote kuhusu milima yetu. Alijua majina ya miungu ambayo sisi hatujapata kuisikia. Yanet alimwomba, kama anavyomwomba kila mgeni, apumzike Cusco siku mbili, kifua kizoee. Konrad alikataa. Alisema yeye nafsi yake ni ya mlimani tangu zamani, imezaliwa bondeni kwa bahati mbaya. Akatoka kwenye ndege, akaingia kwenye gari, akaja juu moja kwa moja. Vidonge alivyopewa na daktari wake alivitupa njiani, na alituambia hivyo kwa fahari.

Dada yake, Hedda, alikuwa mkubwa wake kwa miaka minne na hakuamini chochote. Alikuja kwa sababu mama yao marehemu alimwambia asimwache Konrad asafiri peke yake. Hedda alipumzika Cusco, akala supu, akatufikia siku mbili baadaye. Siku ileile aliingia jikoni, akamwona mama anamenya viazi, akachukua kisu akakaa. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja. Walimenya mpaka kikapu kikaisha, mama akamletea kingine.

Kundi lao lilikuwa la watu wanane, na walitaka siku saba za kutakaswa kando ya ziwa, juu zaidi ya kijiji, mwendo wa saa tatu. Wangefunga kula. Mama aliposikia kwamba watu wasiozoea watapelekwa ziwani bila chakula alimwita Nazario na kumwambia hilo si jambo zuri. Nazario akasema ndivyo programu ilivyoandikwa. Mama akamwuliza programu ni nani. Kwa kweli hata Nazario hakumjua.

Tukapanda. Siku ya kwanza Konrad alikuwa anakohoa kidogo na kuumwa kichwa. Alisema ni sumu za mjini zinatoka. Siku ya pili asubuhi nilipompelekea maji ya moto nilimkuta amekaa, hawezi kulala chali, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na akivuta pumzi kifua kinatoa sauti kama chungu kinachoanza kuchemka. Alinitabasamia. Akaniambia mlima umeanza kumwingia.

Nazario alikuja na manyoya yake. Akafukiza, akapepea, akaimba wimbo wake ambao kwa asili ni tangazo la sabuni aliloligeuza maneno. Akampa lusani ya moto. Wageni wengine walikaa duara, wamefumba macho, wengine wanatikisa vichwa kwa heshima kila Konrad alipokohoa. Hedda peke yake alikuwa amesimama. Alitutazama mimi na Nazario kwa zamu, na sikuhitaji Kiingereza kuelewa.

Mama huwa anachunga alpaka upande ule wa ziwa. Alisikia kile kikohozi kutoka mbali, akaja, akavunja duara bila kuomba radhi. Akaweka sikio mgongoni kwa Konrad, kushoto, kulia, chini. Akamtazama kucha. Akamwuliza swali kupitia kwa Yanet, leo ni siku gani, na Konrad akajibu kwamba ni kila siku.

"Mapafu yameingia maji," mama akasema. "Hakuna jani la hili. Ashuke sasa hivi, akiwa amekaa. Akibaki hapa mpaka jua lizame, kesho hamtakuwa na mtu wa kumshusha."

Safari hii Yanet hakupamba. Alitafsiri neno kwa neno. Wageni walifumbua macho, mmoja akauliza kama kuna mmea wa asili wa kuondoa maji hayo. Mama akarudia kwamba hakuna. Wakatazamana kwa masikitiko, kama watu walioingia duka zuri wakaambiwa bidhaa imekwisha.

Konrad mwenyewe alikataa kushuka. Alisema kwa upole, akipumzika kati ya neno na neno, kwamba maisha yake yote madaktari wamemwambia ashuke, na hakusafiri nusu ya dunia kuja kusikia lilelile kutoka kwa mama mchungaji, pamoja na heshima zote. Hedda akamsemesha kwa lugha yao, kwanza taratibu, kisha kwa ukali. Konrad akafumba macho. Mtu mrefu kama yule huwezi kumfunga kamba na kumpakia nyumbu kwa nguvu. Ningekuwa na hakika nitaweza, ningefanya.

Nikamvuta Nazario nyuma ya hema.

"Shemeji, huyu mtu anakufa."

"Usiseme hivyo."

"Midomo ya namna ile nimewahi kuiona. Ilikuwa ya maiti."

Akavua kofia. "Celedonio," akasema, "mimi ni fundi wa televisheni."

"Najua."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Mama hasikilizwi. Mimi nabeba mizigo. Anayesikilizwa hapa ni wewe na kasuku wako."

Alisimama pale kidogo akiitazama kofia. Kisha akaivaa, akaifunga kamba chini ya kidevu, akarudi kwenye duara kwa hatua ambazo sikuwahi kumwona nazo. Akampigia Konrad magoti. Akamwambia, Yanet akitafsiri, kwamba mama amesema kweli, hakuna jani la ugonjwa huu hapa juu. Jani lake linaota bondeni, kando ya mto. Lakini haliruhusu kuchumwa na mganga, wala na ndugu. Linachumwa na mgonjwa mwenyewe, kwa mkono wake, na lazima afike kabla jua halijazama.

Konrad akafumbua macho. "Kwa nini hamkusema tangu mwanzo?" akauliza, na akanyoosha mikono asaidiwe kusimama.

Mama hajawahi kusema uongo mbele ya mgonjwa, na siku hiyo pia hakusema. Alitazama chini, akakohoa, akaenda kukaza tandiko. Wageni wengine wote walitaka kufuatana nasi walione hilo jani. Mama akasema wabaki, njia ni nyembamba na watachelewesha. Yanet akarudia kupamba kwake, akawaambia mama anasema jani hilo hujificha likiona umati.

Tulimkalisha Konrad juu ya nyumbu wangu mkubwa, tukamzungushia mablanketi, tukamfunga kiunoni asianguke. Mimi nilishika kamba mbele. Nazario alitembea ubavuni, bega lake limemwegemeza mgonjwa mgongoni ili asilale. Hedda alifuata na fimbo ya mama. Njia ile ni ngazi za mawe karibu yote, na mtu anayesukuma bega juu huku miguu inatafuta mawe chini anaumia vibaya. Nazario hakulalamika. Kila Konrad alipoinamisha kichwa, alimwambia kwa Kihispania, ambacho Konrad hakukijua, "Kaa wima, bwana, kaa wima, karibu tunafika," tangu dakika ya kwanza, wakati bado tulikuwa na saa tano mbele yetu. Upepo wa kwenye shingo ya mlima ulimng'oa manyoya ya kofia moja moja. Tulipofika miti ya kwanza alikuwa amebaki na utepe tu kichwani, na jasho, na uso wake wa zamani.

Hapo ndipo Hedda aliponishika mkono na kunionyesha. Midomo ya Konrad ilikuwa inarudi. Bado ilikuwa ya kijivu, lakini ya mtu aliye hai. Alikuwa anatazama miti, akaniuliza saa ngapi. Nikamjibu, akasema asante. Hedda aligeuka akatazama upande wa mto muda mrefu.

Zahanati ya bondeni ilikuwa na mtungi wa hewa na muuguzi mmoja mkali. Alimfunga Konrad kifuniko cha hewa usoni, akampa dawa, halafu akatugeukia sisi. Alitutukana kwa utaratibu, kuanzia kwa aliyempandisha mlimani mpaka kwa nyumbu. Nazario alisimama mbele yake kama mtoto wa shule na kusema ndiyo bwana kwa kila tusi. Tukalala kwenye mabenchi ya pale pale.

Asubuhi Konrad alikuwa ameketi nje juani, anakula mkate na mayai. Alituona, akafuta mdomo, akauliza jani liko wapi. Jua lilikuwa limezama jana yeye akiwa na kifuniko usoni, alijua, lakini labda jani lingemsamehe.

Nazario alitazama kando ya mto. Kulikuwa na mikaratusi, miiba, chupa za plastiki na punda wa mtu. Angeweza kuonyesha kidole popote. Nilikuwa nangojea aonyeshe. Badala yake aliketi kwenye benchi karibu na Konrad.

"Mwambie ukweli," akaniambia.

"Wote?"

"Wote, shemeji. Nimechoka."

Nikamwambia kwa Kiingereza changu, polepole, nisikosee. Kwamba hakuna jani. Kwamba kilichomponya ni kushuka, na hewa, na yule muuguzi mkali. Kwamba huyu bwana si mganga na wala si mwewe, ni Nazario, fundi wa televisheni. Kwamba manyoya aliyanunua sokoni. Kwamba alichokuwa anakinywa ni lusani, chakula cha simbilisi, na simbilisi sisi tunawala.

Konrad aliweka mkate chini. Macho yake yakajaa machozi. Akaushika mkono wa Nazario kwa mikono yake yote miwili, akaanza kusema kwa sauti ya chini. Alisema amewasoma walimu wa nchi nyingi waliojificha ndani ya kazi duni, lakini hakuwahi kumwona aliyejishusha kiasi hiki. Fundi wa televisheni. Na televisheni ni nini, akaniuliza, kama si kuona mbali? Huyu mtu hutengeneza macho ya watu waliopoteza kuona mbali. Na chakula cha wanyama wadogo, hapo pia ameelewa. Sisi sote ni wanyama wadogo, mlima unatulisha, na siku moja utatula.

Hedda alikuwa anakunywa chai. Ilimtoka puani. Alicheka mpaka akateremka kutoka kwenye benchi na kukaa chini, na muuguzi akatoka kutazama nani tena amezidiwa.

"Amesema nini?" Nazario akaniuliza.

"Amesema asante."

"Ameelewa?"

"Hapana."

Nazario aliutazama mkono wake uliokuwa bado umeshikwa, akauacha hapo.

Konrad alirudi kwao salama, akaandika. Sijui aliandika wapi, lakini watu wengi walisoma. Miezi minne haikupita, Yanet akaja na sura ya aibu na karatasi yenye rangi. Kampuni ilikuwa na safari mpya, Njia ya Kushuka. Wageni wangekaa Cusco siku tatu wakila vizuri, kwa sababu ndivyo mwalimu, yaani Nazario, alivyotaka. Wangepandishwa kwa gari mpaka shingo ya mlima. Halafu wangeshushwa kwa nyumbu hadi mtoni, wamekaa wima, wamefungwa mablanketi, kimya. Mama alimtaka Yanet amsomee ile karatasi mara mbili. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza tangu wageni waanze kuja, kwamba haoni ubaya.

Manyoya Nazario hakuyarudia, na hakuna aliyeyataka. Wageni sasa wanataka kumwona amevaa koti lake la kazi la buluu, na bisibisi mfukoni. Wanamletea vitu. Mwanzoni waliviona kama sadaka, redio ya marehemu baba, kamera isiyofunga, kinasa sauti cha utotoni. Wanaviweka mbele yake na kumtazama. Naye anafungua, anapuliza vumbi, anagusa hapa na pale. Mama mmoja kutoka nchi ya mbali alisikia sauti ya mume wake aliyefariki ikitoka kwenye mkanda ambao haujacheza kwa miaka ishirini, na akalia kilio ambacho hakikuwa cha maonyesho, hata Dominga akatoka jikoni akaja kumkumbatia. Siku ile Nazario alifanya kazi mpaka supu ikapoa. Hajawahi kuonekana na furaha namna ile tangu arudi kwetu.

Na kuna jambo jingine ambalo wageni hawalijui. Tangu siku ya ziwani anatoka na mama asubuhi. Mwezi mzima wa kwanza hakufundishwa jani hata moja. Alifundishwa kuweka sikio mgongoni mwa mtu na kunyamaza. Kisha kuuliza kuhusu usingizi. Analalamika baridi, anasahau majina, anachanganya dawa ya kikohozi na ya minyoo, mama anamwita kichwa cha kiazi mbele ya wagonjwa. Lakini kifua anakisikia. Mama anasema masikio yake ni mazuri, labda kwa sababu ya zile televisheni, zilikuwa zikinong'ona kabla hazijafa.

Hedda alirudi mwaka jana, peke yake. Hakutaka kushushwa kwa nyumbu. Alikaa siku kumi na moja, akamenya viazi, akajifunza kusema kwa lugha yetu kisu, moto, hapana, na tena. Goti lilikuwa linamsumbua, mama akalichapa kwa upupu mbichi wa asubuhi, Hedda akatukana kwa lugha yao maneno ambayo mama aliyarudia wiki nzima kwa sababu aliyapenda mlio wake. Goti lilipoa. Aliniambia hakumweleza Konrad kuhusu goti, kwa sababu angeandika.

Mimi naendelea kuwashusha. Wiki iliyopita nilikuwa na bibi mmoja mpole, wa kofia ya majani, aliyenyamaza njia nzima kama inavyotakiwa. Tulipofika mtoni nikamfungua mablanketi. Akaniuliza kama nyumbu huyu amebarikiwa. Nikamwambia hapana, na asimkaribie mdomo, anauma. Bibi akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akanyoosha mkono kuelekea mdomo wa nyumbu.